Moshi wa tumbako: gazi tunayoikimbia mu galeri, tunaivuta huku juu

Kila mfanyakazi wa chini ya ardhi anajua sheria hii: kisha baruti kulipuka, hakuna mtu anaingia mu galeri. Mnangoja. Ventilateri inasukuma hewa, mtu wa usalama anatangulia na kifaa chake cha kupima gazi, na kifaa kikisema hewa ni safi, njo watu wanarudi kwenye jiwe. Hata kama kazi ina haraka, hata kama shefu anakasirika, mnangoja. Moja ya gazi za baruti, ile inayoitwa monoksidi ya kaboni, haionekani kwa macho wala hainuki kwa pua, na imekwisha kuua wanaume wenye nguvu mingi.

Posti inakwisha. Watu wanapanda juu, wanavua kofia, wanapangusa jasho. Na wengi wao, jambo la kwanza, wanawasha sigara. Hapo hakuna anayengoja, hakuna anayepima. Lakini watu wa shimi wamepima, tena wamepima kwa miaka mingi, na walichokikuta mu moshi wa tumbako ni monoksidi ya kaboni ile ile, pamoja na wenzake wengi.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mumesikia kwa munganga kwamba tumbako ni mbaya, na mumechoka kusikia. Leo hatutaki kurudia mahubiri hayo. Tunataka kueleza namna watu wa shimi walivyoufungua moshi, kama vile laboratwari ya kampani inavyofungua jiwe: linapondwa, linachujwa, linapimwa, kisha wanasema shaba ni ngapi, kobalti ni ngapi, udongo wa bure ni ngapi. Mutu wa mugodi hawezi kukubali jiwe bila kipimo. Basi tuupime na moshi.

Kinachoruka na kinachobaki

Mama anayepika lutuku anajua sehemu kubwa ya kazi hii bila kupita shule. Pombe ya mahindi iko mu pipa, moto chini, mrija unapita mu maji ya baridi. Kile chepesi kinaruka kwanza, kinapita mu mrija, kinapoa, kinadondoka mu chupa. Matone ya kwanza njo makali. Maji yanafuata nyuma. Machicha yanabaki chini ya pipa, hayaruki hata ukiongeza kuni.

Jani la tumbako nalo ni hivyo. Ndani yake mna vitu vinavyobaki, na vitu vinavyoruka. Ukifungua mfuko wa tumbako kavu ukasikia harufu, ujue tayari kuna kitu kimetoka mu jani, kimeruka mpaka mu pua yako. Hicho kinaruka bila moto. Moto ukija, mambo yanabadilika kabisa. Ncha ya sigara, wakati mvutaji anavuta, inafika karibu digri 900. Shaba yetu inayeyuka kwa digri 1085. Ni kusema, kwenye midomo ya mtu kuna katanuru ndogo ambayo haiko mbali na kuyeyusha shaba.

Mu katanuru hiyo, vitu vingine vya jani vinaruka jinsi vilivyo. Vingine vinavunjika, na vipande vyake vinaungana upya na kuzaa vitu ambavyo jani halikuwa navyo. Njo maana mtu akisema, "Tumbako ni majani tu, sawa na sombe," anakosea. Jani ni kitu kimoja, moshi ni kitu kingine. Mpaka leo watu wa shimi wamekwisha kuhesabu mu moshi wa sigara vitu zaidi ya 7000. Karibu 70 kati yao vinajulikana kuleta kansa.

Tajiri wa Bitremont na mtu wa shimi wa Bruseli

Kitu cha kwanza kujulikana kilikuwa nikotini. Jina hili linatoka kwa Jean Nicot, balozi wa Ufaransa kule Ureno, ambaye mwaka 1560 alituma tumbako Paris kama dawa. Mwaka 1828, kule Heidelberg mu Ujerumani, munganga Posselt na mtu wa shimi Reimann walifaulu kuitoa nikotini peke yake mu jani. Walikuta mafuta yasiyo na rangi, makali, yenye kuruka. Tena walitambua kwamba ni sumu.

Lakini sumu hiyo ilikuwa na siri moja. Wakati ule waganga walijua kutafuta arseniki mu mwili wa marehemu, kwa sababu arseniki ni ya jiwe, haipotei. Sumu za majani zilikuwa zinapotea mu nyama na mu damu. Hakuna mtu alijua kuzitoa tena. Mtu aliyeua kwa sumu ya jani aliweza kulala usingizi mzuri.

Tajiri mmoja wa Ubelgiji alilijua jambo hilo. Jina lake Hippolyte Visart de Bocarmé, mwenye cheo cha konte, alikaa mu nyumba kubwa ya Bitremont, karibu na kijiji cha Bury, mu jimbo la Hainaut. Cheo kilikuwa kikubwa, madeni yalikuwa makubwa zaidi. Bibi yake, Lydie, alikuwa na kaka, Gustave Fougnies, mtu wa mali, aliyekatwa mguu na mwenye afya dhaifu. Walingojea urizi wake. Kisha wakasikia kwamba Gustave anataka kuoa.

Bocarmé alinunua vyombo vya shimi, akajifunza kutoa nikotini, akachemsha tumbako kwa wingi. Watu wa nyumbani aliwaambia anatengeneza manukato. Tarehe 20 Novemba 1850 Gustave alikuja kula kwa shemeji yake. Jioni ile ile alikufa pale mu chumba cha kulia. Maiti yake ilioshwa kwa siki, nguo zake zikafuliwa, na mbao za sakafu zikasuguliwa.

Wakubwa wa sheria waliona mambo hayo si ya kawaida. Walipeleka vipande vya mwili, ndani ya vyupa vilivyofungwa vizuri, kwa Jean Servais Stas, profesa wa shimi mu shule ya kijeshi ya Bruseli. Stas alisikia harufu ya siki. Akajiuliza: kwa nini siki nyingi hivi? Mtu anataka kufunika nini?

Alifanya kazi kwa uvumilivu, kuchuja na kuchuja tena, kwa alkoli, kwa asidi, kwa maji. Kisha akatia potasi, na mara moja akasikia harufu ya tumbako. Akatikisa maji yale pamoja na eteri. Eteri ni maji mepesi yanayoruka upesi kupita hata esanse. Nikotini ikaacha maji, ikaingia mu eteri. Eteri akaiacha iruke. Chini ya chombo kilibaki mafuta machache yenye harufu ya tumbako na ukali wa kuchoma ulimi. Sumu ya jani ilikuwa imetolewa tena mu mwili wa mtu, na ilikuwa mara ya kwanza.

Kesi ilihukumiwa mji wa Mons. Bibi aliachiliwa. Bocarmé alikatwa kichwa tarehe 19 Julai 1851. Njia ya Stas ilibaki: baadaye Mjerumani Otto aliitengeneza zaidi, na mpaka leo wanafunzi wanaofundishwa kutafuta sumu wanafundishwa jina la Stas na Otto.

Tunawasimulia hadithi hii juu ya neno moja. Bocarmé aliamini kwamba kitu kisichoonekana hakiwezi kuhesabiwa. Aliyemshinda ni mtu aliyekuwa na subira ya kukipima. Moshi wa sigara ulifunguliwa kwa subira ile ile.

Mashini inayovuta sigara

Mu laboratwari za leo kuna mashini inayovuta sigara. Haina mapafu, ina pompi. Kwa kipimo kilichokubaliwa mu inchi mingi, inavuta kila dakika mara moja, sekunde 2, mililita 35 za moshi, mpaka sigara inakaribia kwisha. Moshi unapita kwanza mu kichujio cha nyuzi za kioo. Kichujio kinakamata matone na chembe zote, na baada ya sigara chache kinageuka rangi ya kahawia. Hiyo njo wanaita godroni, na si jina la mchezo: inafanana na godroni ya barabara kwa rangi na kwa kunata. Mule ndani wanapima nikotini pia.

Kile kinachopita kichujio bila kukamatwa ni gazi tupu. Inaingia mu mfuko. Kazi ngumu inaanza hapo, kwa sababu mu mfuko ule mko mamia ya gazi zilizochanganyika, na zote hazina rangi. Namna gani kuzitenga?

Fikirini posti inayotoka mu galeri ndefu sana yenye watu wengi pande zote mbili. Mmoja hana rafiki pale: anatembea moja kwa moja, anatoka wa kwanza. Mwingine ana marafiki wachache: anasimama hapa na pale. Wa tatu anajuana na kila mtu: anasalimia wote, anatoka wa mwisho. Wote waliingia pamoja, lakini mlangoni wanatoka mmoja mmoja. Ukijua kila mtu anachukua dakika ngapi, unaweza kumtambua hata gizani.

Kifaa cha kutenga gazi kinafanya hivyo. Ni mrija mrefu mwembamba, ndani umepakwa kitu ambacho gazi zingine zinakipenda na zingine hazikipendi. Gazi zinasukumwa ndani pamoja, zinatoka moja moja, na kalamu inaandika mlima mdogo kwa kila moja. Mrusi Mikhail Tsvet alitangulia mwanzoni mwa miaka ya 1900, akitenga rangi za majani mabichi. Mwaka 1952 Waingereza Anthony James na Archer Martin walionyesha namna ya kuifanya kazi hiyo na vitu vinavyoruka. Baadaye, mwishoni mwa mrija, waliweka kifaa kingine kinachopima uzito wa kila kitu kinachotoka. Toka hapo moshi haukuwa tena na mahali pa kujificha.

Wageni walioko mu moshi

Tutaje wachache, wale ambao ninyi munawajua tayari kwa njia nyingine.

Wa kwanza ni monoksidi ya kaboni. Hiyo njo gazi ya mbabula. Kila mwaka wa baridi, Juni na Julai, tunasikia juu ya watu waliofunga milango na madirisha, wakalala na mbabula ya makala ndani ya nyumba, na asubuhi hawakuamka. Njo gazi iliyoua watu wengi kati ya 262 waliokufa mu mugodi wa makaa ya Marcinelle, Ubelgiji, tarehe 8 Agosti 1956: moto haukuwafikia wote, lakini gazi iliwafikia. Juu ya gazi hiyo Waingereza walizoea kushuka mu mugodi na ndege mdogo mu kizimba. Ndege akianguka, watu wanakimbia.

Namna inavyoua ni hii. Damu yetu inabeba oksijeni kwa kitu chekundu kinachoitwa hemoglobini. Monoksidi ya kaboni inaishika hemoglobini kwa nguvu kupita oksijeni mara zaidi ya 200. Ikisha kukaa pale, oksijeni inabaki nje sawa na abiria aliyekuta viti vyote vimekwisha. Kwa sheria za Marekani, hewa ya kazini haipaswi kupita sehemu 50 za gazi hii ndani ya sehemu milioni moja kwa posti ya saa 8. Mu moshi unaotoka kwenye sigara, mbele haujachanganyika na hewa, ziko zaidi ya 20 000. Mvutaji haanguki kwa sababu anavuta kidogo, kisha anapumua hewa. Lakini damu yake inaandika deni. Mtu asiyevuta ana hemoglobini iliyoshikwa na gazi hii chini ya 2 kwa mia. Mvutaji wa kila siku mara nyingi anafika 5, na wa pakiti nyingi anaweza kufika 10. Anashuka mu galeri na damu ambayo sehemu moja haifanyi kazi. Kisha anashangaa pumzi inamwishia kwenye ngazi kabla ya mwenzake.

Wa pili ni gazi ya sianidi. Mama zetu wanaifahamu toka zamani: njo sababu wanalowesha mihogo michungu siku kadhaa. Mihogo isiyoloweshwa vizuri imeleta ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu, ambao munganga Trolli aliuandika mwaka 1938 kule Kwango. Mama hawezi kuwapa watoto mihogo isiyoloweshwa, lakini moshi wa baba hakuna anayeulowesha.

Wa tatu ni akroleini. Acha mafuta ya ngazi yaungue mu sufuria mpaka yatoe moshi: macho yanalia, koo linakereka. Ile inayochoma ni akroleini. Mu sigara inatoka kwenye sukari na vitu vingine vya jani. Mu mirija ya mapafu tuna nywele ndogo ndogo zinazofagia vumbi na kulipandisha juu ili tuliteme. Akroleini na sianidi zinazipooza nywele hizo. Neno hili mulishike, tutalirudia.

Wengine ni formaldehidi, ile inayotengeneza formoli ya morgi. Amoniaki, yenye harufu ya mkojo wa siku mbili. Na benzeni, iliyoko mu esanse ya gari, inayojulikana kuleta kansa ya damu. Sisi wote tunamkataza mtoto kunusa tanki ya esanse.

Neno la Shinkolobwe

Kuna mgeni mmoja ambaye anatuhusu sisi watu wa Katanga kupita watu wengine.

Shinkolobwe, karibu na Likasi, urani ilionekana mwaka 1915. Toka 1922 mawe yake yalitoa radiumu kule Olen, Ubelgiji, na baadaye urani ya hapo iliingia mu bomu la Hiroshima. Urani inazaa radiumu, radiumu inazaa gazi inayoitwa radoni, na radoni inavuja toka mu jiwe na kujaa mu galeri isiyo na hewa nzuri. Radoni nayo haikai: inavunjika, na mwisho mwisho inazaa poloni. Hiyo Pierre na Marie Curie waliigundua mwaka 1898, na walichukua jina lake ku inchi ya Poloni, kwao Marie. Poloni ni sumu ya mionzi. Ikikaa juu ya ngozi haipiti. Ikiingia mu mapafu, inachoma nyama kutoka ndani.

Mwaka 1964, mu chuo kikuu cha Harvard, Edward Radford na Vilma Hunt walipima sigara wakakuta poloni ndani. Inatoka wapi? Radoni iko kidogo mu hewa pahali pote, na watoto wake wanaanguka juu ya majani. Jani la tumbako lina nywele zinazonata, zinayakamata. Mbolea ya fosfati nayo inaleta yake. Kisha moto wa sigara unairusha poloni pamoja na moshi, na inashuka mpaka mu mapafu.

Mawe mengine ya shaba na kobalti ya kwetu yana urani ndani. Mchimbaji wa mkono anayeshuka mu shimo refu bila ventilateri, akavuta sigara mule mule, anapata mionzi kwa milango miwili. Kule Colorado, Marekani, waganga waliwafuata wachimbaji wa urani toka miaka ya 1950. Waliona radoni peke yake inaleta kansa ya mapafu, na sigara peke yake inaileta. Lakini kwa mtu mwenye vyote viwili, hatari haikuwa moja kujumlisha moja. Ilizidi pale.

Pamoja na vumbi

Sasa turudie zile nywele ndogo za mu mapafu. Mfanyakazi wa mugodi anazihitaji kupita mtu wa ofisi. Kila siku anapumua vumbi la jiwe, na vumbi lenye silika linaharibu mapafu, linafungua mlango kwa kifua kikuu, na toka 1997 watu wa shirika la kimataifa la kuchunguza kansa wameliandika kati ya vitu vinavyoleta kansa. Moshi wa mashini za mazuti nao waliuweka mu daraja hilo mwaka 2012. Mtu asiyevuta anateremka na mafagio yake mazima. Mvutaji anateremka na mafagio yaliyopooza, na vumbi linabaki pale lilipoanguka.

Lakini hapa tuseme wazi, na tusikilizwe vizuri. Mara zingine mfanyakazi akikohoa, anaambiwa, "Ni sigara yako," na mambo yanakwisha hapo. Hapana. Sigara haifuti vumbi. Mwenye mugodi anabaki na kazi yake: maji ya kulaza vumbi wakati wa kutoboa, ventilateri inayofanya kazi, maski inayofaa, radio ya kifua kwa wakati wake. Mwenye kuvuta na asiyevuta wote wana haki hiyo. Tena mvutaji anayeacha anaondoa maneno mu midomo ya wale wanaotaka kumbebesha yeye ugonjwa wote.

Maneno ya mu kambi

Mu kambi tunasikia maneno mengi, na yafaa tuyajibu.

"Mie navuta ile laini, yenye filtre nzuri." Mashini ilidanganywa hapa, na mvutaji pamoja nayo. Sigara mingi za "laini" zina matundu madogo sana pembeni mwa filtre. Mashini ikivuta, hewa inaingia kwa matundu, moshi unapungua, karatasi inaandika godroni kidogo. Lakini mtu anashika sigara kwa vidole na midomo, anayaziba matundu, na tena anavuta kwa nguvu ili apate nikotini aliyozoea. Kichujio nacho hakishiki monoksidi ya kaboni: ni gazi, inapita tu.

"Bibi yangu ananusa tu, hana moshi." Ni kweli, tumbako ya kunusa ao ya kutafuna haina monoksidi ya kaboni, kwa sababu haina moto. Lakini mu tumbako yenyewe, wakati inakaushwa na kutunzwa, nikotini na ndugu zake wanageuka kuwa vitu vinavyoitwa nitrozamini. Watu wa shimi walivikuta mu jani lisilowashwa mu miaka ya 1970, na vinaleta kansa, ya kinywa zaidi.

"Navutia pembeni, watoto hawapati kitu." Moshi unaopanda wenyewe kutoka ku ncha, wakati sigara imeshikwa mu mkono, ulipimwa nao. Kwa sigara moja unatoa monoksidi ya kaboni na amoniaki mingi kupita ule unaovutwa, kwa sababu moto wake ni wa chini na unaungua vibaya. Mu chumba kimoja cha kambi, hakuna pembeni.

"Babu alivuta, akafika miaka 80." Yuko pia mtu aliyeingia mu galeri mbele ya wakati akatoka mzima. Hakuna kapita anayefanya sheria kwa kumwangalia huyo.

Deni linaweza kulipwa

Habari njema iko, na inatoka mu vipimo vile vile. Monoksidi ya kaboni haikai milele mu damu. Kwa mtu anayepumua hewa safi, kila saa nne mpaka sita nusu yake inatoka. Siku moja ao mbili bila sigara, damu inarudi kama ya asiyevuta. Hospitali zingine zina kifaa kidogo cha kupuliza: unapuliza, kinaonyesha namba, na kisha siku mbili unapuliza tena na kuona mwenyewe namba imeshuka. Nywele za mapafu nazo zinaamka pole pole mu wiki na miezi. Wengine wanakohoa zaidi siku za kwanza na kuogopa. Wasiogope: mafagio yameanza kazi. Kikohozi kikiendelea zaidi ya wiki mbili, ao damu ikitoka, waende kwa munganga wapimwe kifua kikuu.

Nikotini njo inayomrudisha mtu. Siku tatu za kwanza zina ukali, hasira inapanda, usingizi unakimbia. Bibi na watoto wakijua mapema, watamvumilia baba badala ya kugombana naye. Wenzake wa posti nao wamsaidie: wasimpe "moja tu" kwenye mlango wa mugodi. Anayeshindwa kuacha mara moja aanze na sheria mbili: hakuna sigara ndani ya nyumba, na hakuna sigara chini ya ardhi. Mu mugodi wa makaa ya mawe sheria hiyo ya pili haina mjadala, kwa sababu kule moto mdogo unalipua galeri nzima.

Chini ya ardhi tumejifunza kwa damu ya wazee wetu kwamba pua si kipimo, na kwamba gazi isiyoonekana inaheshimiwa kupita jiwe linaloning'inia. Moshi wa tumbako umekwisha kupimwa. Mtu wa mugodi anajua namna ya kufanya kifaa kinaposema hewa ni mbaya.